Asubuhi Bila Salamu

Jumapili, 4 Mei

Daftari hili binti yangu Joyce aliliacha hapa alipokuwa likizo. Kurasa nyingi ni tupu, na mimi sipendi kuona karatasi inakaa bure, kwa hiyo nitaandika mpaka mavuno yaishe.

Leo mama mkwe wangu, mama Damari, ametembea mwenyewe kutoka mlango wa kanisa hadi benchi la tatu. Kwa mkongojo, sawa, lakini mwenyewe. Watu wakapiga makofi mpaka ikambidi mchungaji asubiri. Mwaka jana mwezi wa kumi na moja alianguka uani na ndoo ya maji akavunjika nyonga. Walimfanyia upasuaji mjini, wakatuambia kwa umri wake tusitegemee makubwa. Akalala kitandani msimu mzima wa mvua. Leo benchi la tatu! Nimeimba sauti ya kwanza mpaka koo limekauka, na wala sijali.

Jioni amekula mlenda wangu akasema ni mzito. Nimeolewa hapa miaka ishirini na saba na mlenda wangu haujawahi kuwa sawa. Ukiwa si mzito ni mwepesi, na ukiwa si mwepesi basi ni wa Kinyiramba. Mimi ni Mnyiramba, nimetoka Iramba. Sijui alitaka uwe wa kabila gani.

Jumanne, 6 Mei

Tumeanza kukata alizeti shamba la bondeni. Mikono imechubuka. Nimelala saa mbili.

Alhamisi, 8 Mei

Wifi yangu Catherine amepiga simu kutoka Singida Mjini, ana duka la vitenge kule. Yeye na kaka yake, yaani mume wangu Stanley, wamekubaliana kwamba mavuno yakiisha mama ahamie kwake mjini, karibu na kliniki. Hapa kwetu mguu ukimsumbua usiku mpaka tupate usafiri wa kufika Mkiwa, halafu mpaka mjini, ni shida. Sina neno. Nimemuuguza miezi yote ile, na mgongo wangu nao una haki ya kupumzika.

Nilidhani mama atakataa. Hakukataa. Aliweka simu pembeni, akanitazama mimi, si mwanawe, akasema, "Kabla sijaenda kwa Catherine nitakwenda kwenye Mawe. Kwa miguu yangu. Utanipeleka wewe."

Mawe ni yale yaliyo juu ya kilima, nyuma ya shamba la mzee Melkizedeki. Singida mawe hayaishi, mengine makubwa kuliko nyumba, lakini yale si ya kujiotea. Yamesimamishwa kwa duara, kila moja linafika kiunoni, na katikati pamefagiwa na upepo tu. Nani aliyasimamisha hakuna anayejua. Kuna mwaka walikuja watu wa ofisini wakapiga picha wakaondoka. Watoto wanachungia mbuzi hapo, na sisi wengine tunapita pembeni.

Sasa masharti yake. Mtu anakwenda alfajiri, jua limkute ndani ya duara. Anakwenda siku za mwezi mchanga tu. Anakwenda kwa miguu yake. Na tangu atoke kitandani mpaka aingie ndani ya duara, yeye na aliyefuatana naye hawamwamkii mtu yeyote wala hawaitikii salamu ya mtu yeyote, hata wao kwa wao. Mkiamkiana na mtu njiani, mmeharibu. Mnageuza, mnasubiri mwezi mwingine uandame.

Nikamwambia, mama, Mungu tunamshukuru kanisani. Akaniambia huyo alishamshukuru Jumapili mbele za watu, sikumwona? Kule ana kazi nyingine. Kazi gani? Akaomba maji ya kunywa, ndiyo kusema mazungumzo yamekwisha.

Jumatatu, 12 Mei

Nimekubali. Si kwa moyo, ila mtu aliyelala kitandani miezi mitano ukimnyima safari ya mguu utakuwa na roho gani? Ila nimeweka sharti langu na mimi: twende kimyakimya, asijue mtu. Mimi ni katibu wa kwaya ya akina mama. Sitaki kesho nisikie Theodora anaabudu mawe. Mama amesema zamani watu walikuwa wanatangaziwa. Nikasema zamani si sasa.

Ameanza mazoezi. Leo amefika kwenye zizi na kurudi.

Alhamisi, 15 Mei

Amefika kisimani.

Jumapili, 18 Mei

Mvua! Mvua ya nini mwezi wa tano mwishoni hivi? Vichwa vya alizeti vimetandazwa uani vyote, Stanley yuko Mkiwa kwenye mashine ya kukamua mafuta anakofanya kazi, na mimi ndiyo kwanza natoka kanisani. Nikakimbia na gauni la kwaya. Nafika nakuta mama Damari ameshika pembe ya turubai kwa mkono mmoja, mkongojo mkono wa pili, anaburuta huku mvua inampiga. Turubai lilikuwa limeshafunika nusu. Nikampigia kelele akae chini, ataanguka tena. Akaniambia nishike pembe ile nyingine na niache kumfundisha.

Tumeokoa karibu zote. Baadaye nimemkausha nywele kwa kanga na kumpaka mafuta ya ubuyu kwenye nyonga, kama nilivyokuwa nikifanya kila jioni alipokuwa mgonjwa. Alinyamaza muda wote, macho ukutani. Huwa ananyamaza hivyo nikimhudumia, na mimi miezi yote ile nilidhani ni kiburi. Leo nimemwangalia vizuri, nikaona ni aibu. Mtu mzima kushikwashikwa na mke wa mwanawe. Kwa nini sikuliona mapema sijui, labda nilikuwa nimechoka mno.

Jumatano, 21 Mei

Kukata, kubeba, kutandaza. Mama amefika kanisani na kurudi bila kupumzika.

Jumatano, 28 Mei

Mwezi umeandama. Tumeuona wote wawili tukiwa uani. Mwembamba. Mama akasema, "Keshokutwa."

Ijumaa, 30 Mei

Nimeharibu.

Niandike taratibu. Saa kumi na nusu mama alinigongea dirisha kwa mkongojo. Kila siku ya maisha yangu hapa, nikifungua mlango asubuhi nikimwona ninainama na kumwamkia. Leo nilifungua nikaubana mdomo wangu kwa kiganja, akatikisa kichwa kuniambia vizuri. Tukatoka. Giza, baridi, mimi na tochi, yeye na mkongojo. Tukapita njia ya nyuma niliyoichagua mwenyewe, isiyopita kwenye nyumba za watu.

Mama alitembea vizuri sana. Tumevuka bonde, tumepita mpaka wa shamba letu, tumeanza kuona kilima kwa mbali, mbingu imeanza kupauka. Moyoni nilikuwa nimeshaanza kujisifu kwa mpango wangu. Mara kichaka kikakohoa.

Alikuwa mzee Melkizedeki, anakwenda kuangalia mizinga yake ya nyuki. Kumbe njia ya nyuma ndiyo njia yake. Mzee yule umri wake ni sawa na wa baba yangu, ana ndevu nyeupe, alishika panga na kijinga chenye moshi cha kufukizia nyuki, na akasimama mbele yangu ghafla. Niseme nini? Mdomo wangu haukuniuliza. Goti likapinda lenyewe, nikamwambia, "Shikamoo, mzee."

"Marahaba, mama Benson. Hamjambo? Mama anaendeleaje? Ah, kumbe ni huyu hapa. Mama, umeamkaje?"

Mama Damari alikuwa ameshageuka. Hakumjibu, hakunitazama. Alishika njia ya kurudi nyumbani, tak, tak, tak, na mkongojo wake, haraka kuliko tulivyokuja. Mimi nikabaki na mzee, ambaye hajui kitu, anaendelea kuniuliza habari za mbuzi, habari za Stanley, habari za alizeti, na nikamjibu zote, maana kwa kuharibu nilikuwa nimeshaharibu.

Jumamosi, 31 Mei

Hajaniongelesha. Nimepika mlenda, ameula wote bila kusema ni mzito wala mwepesi, na hilo ndilo limenitia hofu zaidi.

Jumatatu, 2 Juni

Kisimani nimesikia mama Damari kapata wazimu. Mwingine kasikia si wazimu, ni maringo, kwamba tangu ajue anahamia mjini hata wazee wenzake hawaitikii. Mzee Melkizedeki ameliongea hilo kwa kila aliyemwuzia asali. Huku kwetu unaweza kumnyima mtu chakula akakusamehe, lakini salamu? Nimebeba ndoo yangu nikaondoka na masikio yamewaka moto.

Njia nzima nilikuwa namkasirikia mzee. Nilipofika nyumbani nikamkuta mama amekaa kwenye kigoda anachambua alizeti, na mtu hajaja kumsalimia tangu jana, hata mmoja. Hakuuliza kwa nini. Hapo hasira ikanigeukia mwenyewe. Aliniambia watu hutangaziwa. Mimi nikaogopa kwaya.

Alhamisi, 5 Juni

Nimekwenda kwa mzee Melkizedeki. Nimemwamkia, nimekaa, nimemweleza tangu mwanzo, na sikuficha kwamba siri ilikuwa wazo langu. Akasikiliza mpaka mwisho, akaanza kucheka, akacheka mpaka mkewe akatoka jikoni kuangalia. Akasema marehemu shangazi yake aliwahi kwenda kwenye Mawe, na yeye mzee alikuwa mtoto, alikatazwa kutoka nje asubuhi ile. Akauliza, kwa hiyo Damari hakumdharau? Nikamwambia, hakukudharau, mzee. Akafuta machozi ya kucheka, akaniuliza anakwenda huko kwa ajili gani. Nikamwambia hata mimi sijui. Akanitazama kidogo kisha akasema, basi vizuri, usiulize.

Amenipa chupa ya asali nimpelekee mama. Nimerudi nimeishika kwa mikono miwili.

Mama aliionja, akasema nyuki wa Melkizedeki hawajambo. Ndiyo maneno ya kwanza tangu Ijumaa.

Jumamosi, 7 Juni

Iddi. Majirani zetu Waislamu wametuletea pilau na nyama ya mbuzi, sahani imejaa mpaka pembeni. Mama akamwambia aliyeileta, mama Zaituni, waziwazi mbele yangu, "Mwezi ujao ukiandama nakwenda kwenye Mawe na mke wa mwanangu. Asubuhi hiyo nikikupita usinione vibaya." Mama Zaituni akasema Mungu amtie nguvu mguuni. Hakushangaa hata kidogo. Na mimi nilivyokuwa nimejificha!

Jumapili, 8 Juni

Baada ya ibada nimewaambia wenzangu wa kwaya. Mmoja alikunja uso kidogo. Wengine wamesema mama yule atembee popote anapotaka, wao moyoni walishamwandalia sanda tangu mwezi wa kumi na mbili. Ndivyo watu wazuri wa kwaya yangu wanavyozungumza.

Jumatano, 11 Juni

Upepo umeingia, ule wa baridi unaokausha midomo. Tunapiga alizeti na kupepeta. Mama hawezi kupiga, ila kupepeta amekaa na ungo wake akanizidi. Anasubiri upepo ufike, hakimbilii. Nikiwa na haraka yangu ananiambia, acha, unakuja.

Leo tukiwa hapo amenisimulia alivyoletwa kama bibi harusi mwaka wa njaa, na mama mkwe wake alivyokuwa akificha unga. Yeye mama Damari ndiye aliyekuwa akitembea mpaka karibu na Mitundu kutafuta chakula kwa ndugu zake, anarudi na mzigo kichwani na mtoto tumboni, yaani huyu Stanley. Nikauliza, mama mkwe wako alikusema? Akasema kila siku. Mlenda? Akacheka. Alisema hapana, yeye alikuwa akisemwa ugali.

Nilicheka mpaka alizeti zikamwagika. Miaka yote hii sikujua tunaweza kucheka pamoja tukiwa wawili.

Jumanne, 17 Juni

Viroba vya kwanza vimekwenda kwenye mashine. Stanley amerudi ananukia mashudu ya alizeti kama kawaida ya msimu. Namshukuru Mungu kwa harufu hiyo.

Ijumaa, 20 Juni

Mguu umevimba. Ameamka hawezi kuukanyaga. Nimemkanda kwa maji ya moto, nimeinua mguu juu ya mto. Catherine amejua kwa sababu Stanley hawezi kunyamaza kwenye simu, naye amekasirika. Amesema mambo ya kumtembeza mgonjwa kilimani gizani ni ujinga, atakuja na gari wiki hii na kumchukua.

Mama alisikia yote. Hakulia, hakugomba. Aliniuliza tu mwezi unaandama lini. Nikamwambia wiki ijayo. Akafumba macho.

Niseme ukweli, mwezi wa tano ningefurahi gari lije hata kesho. Leo nimekwenda nyuma ya nyumba nikalia. Nalilia nini? Nataka afike. Nataka afike kuliko ninavyotaka alizeti ipate bei.

Jumapili, 22 Juni

Kwaya nzima imekuja kumwona. Wameimba uani. Mama Zaituni naye alikuja na mafuta ya habat soda, akamsugua mguu yeye mwenyewe wakati sisi tukiimba. Uvimbe umepungua.

Jumanne, 24 Juni

Amesimama. Amefika kwenye zizi.

Alhamisi, 26 Juni

Amefika kisimani. Jioni mwezi umeonekana. Mama amewaambia wote waliopita kumwona: keshokutwa.

Ijumaa, 27 Juni

Catherine amefika alasiri na gari la kukodi na dereva wake. Amemletea mama blanketi jipya na viatu laini, ana moyo mzuri wifi yangu, ila ana amri. Kabla hajamaliza chai alishatangaza: kesho saa kumi na moja alfajiri wanaondoka, ili wakifika kliniki wawe wa kwanza kwenye foleni.

Mama akaniangalia. Stanley akaangalia dari. Nikaona hakuna mwingine wa kusema.

Nikamwambia, "Wifi, kesho alfajiri mama ana safari yake. Kliniki itamsubiri mpaka Jumatatu. Kama unaona tunamwua, twende wote ukaone, lakini utavaa raba zangu na utafunga mdomo mpaka juu."

Catherine alitaka kunijibu. Akamtazama mama yake. Mama alikuwa ameshika viatu vile vipya mapajani, anavikagua soli. Akauliza tu, vinashika kwenye mawe hivi?

Catherine akasema, "Vinashika, mama."

Jumamosi, 28 Juni

Wameondoka mchana huu. Nyumba imekuwa kubwa. Stanley amelala, alizeti zote ziko ndani, na mimi naandika nikiwa nimekaa kwenye kigoda chake.

Alfajiri hatukupita njia ya nyuma. Mama alinionyesha kwa mkongojo njia kubwa, inayopita katikati ya kijiji. Tulitoka watatu, mama katikati, mimi na tochi mbele, Catherine nyuma na raba zangu zinazombana. Kila nikipita mlango wa mtu niliibana midomo. Nyumba ya kwanza ni ya mama Zaituni. Alikuwa nje na ndoo, amekwisha kuamka kwa ajili ya swala. Alituona. Akaweka ndoo chini akageuka, akatupa mgongo.

Nilisimama. Sikuelewa mara moja. Mama akanisukuma na mkongojo nitembee.

Nyumba iliyofuata, baba mwenye nyumba alikuwa akifungua zizi. Akageuka, akatazama ukuta. Kijana wa bodaboda aliyekuwa akiwasha pikipiki yake kwenda Mkiwa aliizima, akageukia ua. Wawili wa kwaya walikuwa wamesimama penye njia panda, wamejifunika kanga kwa baridi, na wote wawili migongo yao kwetu. Hakuna aliyekohoa. Hakuna aliyenena. Mtu akikuona asikusalimie huku kwetu ni tusi, na leo kijiji kizima kilitutukana hivyo kwa upendo, mlango hadi mlango, ili mdomo wangu huu usipate wa kumwamkia. Nilitembea machozi yananitiririka na sikuweza hata kuyafuta, maana mkono mmoja ulikuwa na tochi na kwa mwingine sasa nilikuwa nimemshika mama kiwiko.

Wa mwisho alikuwa mzee Melkizedeki, mwanzo wa kilima, kwenye ua wake. Amevua kofia ameishika nyuma. Tulipompita niliona mabega yake yanatikisika. Kama alikuwa akicheka au akilia, sikumwuliza.

Kilima ndicho kilichokuwa na kazi. Mama alipanda kidogo akasimama. Akapanda tena. Mguu ulikuwa unatetemeka, nauona kwa tochi. Nikachuchumaa mbele yake nikampa mgongo nimbebe, akanipiga begani na mkongojo, si kidogo. Catherine akawa anamsukuma taratibu kiunoni, na kwa mara ya kwanza nikamwona wifi yangu ametulia kabisa. Mbingu ikawa nyekundu upande wa Manyoni. Nikawa naomba moyoni: Bwana, lizuie jua kidogo tu, huyu mama anakuja.

Tukaingia ndani ya duara jua bado halijachomoza. Mimi nikatafuta jiwe la kumkalisha. Hakukaa. Alimpa Catherine mkongojo. Akasimama bila kitu, akajipanga miguu, akanigeukia. Jua likatoa ukingo wake, likampata usoni. Na mama Damari, aliyenizidi umri kwa zaidi ya miaka thelathini, aliyemzaa mume wangu, akainama mbele yangu mpaka pale nyonga ilipomruhusu, akasema,

"Shikamoo, mama."

Nikadhani amechanganyikiwa. Nikamshika mikono nimwinue. Akakataa kuinuka.

"Niache," akasema. "Hapa ndipo mkubwa anapomwamkia mdogo aliyemtendea wema. Nyumbani siwezi, nitakuvunjia heshima yako na yangu. Salamu ya kwanza ya siku nimekutunzia wewe, ndiyo maana tumepita kwa watu bila kusema. Mama mkwe wangu naye alinileta hapa, baada ya njaa. Wewe uliniosha, ukanigeuza, ukanilisha, nimelala kama mtoto, na hukuwahi kunitangaza kwa mtu. Kanisani nimemshukuru Mungu. Wewe sikuwa nimekushukuru."

Catherine nyuma yangu alikuwa analia kwa sauti. Nitaitikiaje? Tangu nijue kusema, salamu ile mimi ndiye huitoa kwa wakubwa zangu, na kuipokea nimezoea kwa watoto tu. Neno liko pale mdomoni, dogo, na nilikuwa naliogopa. Nikamwambia, mama, siwezi. Nikamwambia inuka, tafadhali, nimesikia, nimeelewa, yatosha.

Hakuinuka. Aliinamisha kichwa tu, na mguu ule wa upasuaji ukaanza kutetemeka kwa nguvu.

"Itikia, mwanangu," akasema. "Nachoka."

Nikasema, "Marahaba, mama." Ndipo akakubali tumkalishe.